Sahani ya Bi Tatu Iliyo Juu ya Kabati

Takoma Park, Maryland
Mwishoni mwa Rajabu

Mama yangu,

Shikamoo. Nalishika kwanza goti lako la kulia, maana ndilo lililokuwa likilalamika tulipozungumza mwisho, kisha ndiyo naishika miguu yote miwili. Yale mafuta ya kuchulia niliyompa Bi Salma mara iliyopita yamesaidia, au umeshayagawa kwa majirani wote wenye magoti? Nakujua. Na macho je? Dada Mwanaidi kaniambia miwani mpya unaivaa ukichagua mchele tu, eti kusoma unasoma bila. Basi barua hii isome na miwani, mama, na uisome mchana, umekaa.

Sisi huku wazima. Baba Rahma anakusalimu. Kila asubuhi anaendesha gari kwenda kazini Falls Church, na kila jioni anarudi akiilaani ile barabara kubwa ya mzunguko kama mtu aliyegombana na mkwe. Rahma amerefuka, anavaa viatu vyangu bila kuomba. Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza, na nikimkazania anasema neno moja tu, "Haya," kisha anaendelea na Kiingereza chake. Theluji imeanguka wiki hii. Asubuhi naikanyaga kwenda kituo cha basi, na kila nikiikanyaga inalia kama unga wa muhogo mkavu ukiuminya mkononi. Nasri angeipenda sauti hiyo. Alikuwa akitia mkono kwenye gunia la unga kwa ajili ya ile sauti tu, nawe ukimpiga kwa mwiko.

Utajiuliza kwa nini nimekaa kuandika kwa kalamu na simu ipo. Kwenye simu, mama, kila nikilitaja jina la Nasri unaniambia mtandao mbaya. Mara nyingine ni mbaya kweli. Mara nyingine namsikia jogoo wa jirani, namsikia muuza samaki akibonyeza honi ya baiskeli, ni wewe tu nisiyekusikia. Sikulaumu. Lakini lipo jambo nataka kukuomba kabla ya Ramadhani, na siwezi kukuomba bila ya kulitaja jina lake. Bi Salma wa Woodbridge anasafiri kuja nyumbani, akasema barua ya kawaida ataichukua, mradi isiwe na chupa za mafuta ndani.

Tangu tulipompoteza ndugu yangu Nasri nimekuwa na swali moja tu. Nalala nalo, naamka nalo, nakunja nalo mashuka kazini. Silo la nani kamuua. La nani limo mahakamani na namwachia hakimu. Langu ni hili: imewezekanaje kwetu? Kisiwa ambacho mtu akipika samaki mtaa wa juu, mtaa wa bondeni wanajua katia ndimu ngapi. Watoto waliosoma chuo kimoja cha Kurani, waliopigwa na fimbo ya maalim mmoja, wanajipa majina ya vikosi, wanagawana vichochoro, wanachinjana kwa mapanga saa ya alasiri mtu akitoka mpirani. Mji mkubwa kama huu ningeelewa. Huku jirani yangu wa chini simjui jina. Lakini sisi?

Nimelipata jibu, si lote, kwa mtu nisiyemtarajia.

Kazini, kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee, nafanya kazi na mama mmoja anaitwa Verna. Anatoka kisiwa kimoja cha upande wa pili wa dunia, upande wa Marekani ya kati kule kwenye bahari yao. Ni nchi kamili, ina bendera na rais na kiti Umoja wa Mataifa, lakini yeye anasema ukikohoa bandarini mtu wa upande wa pili anakwambia pole. Mnene, mcheshi, anaimba nyimbo za kanisani huku akitia mashuka kwenye mashine, na akikosea maneno anaendelea na mluzi.

Nilipopata khabari ya Nasri nilirudi kazini mapema, maana nyumbani nilikuwa naziangalia kuta.  Siku ya pili Verna aliniletea bakuli la wali wa kunde uliopikwa kwa nazi. Kwa nazi, mama! Nilipouonja nililia, Verna akadhani umechachuka. Sasa bakuli la mtu utalirudisha vipi? Nikalitia sambusa. Siku mbili, bakuli limerudi kwangu na keki ya nazi. Nikalitia mkate wa kumimina. Likarudi na samaki. Watu wa huku, bakuli la plastiki wanakwambia baki nalo, au litupe. Sisi wawili tukaendelea mpaka Rahma akasema, kwa Kiingereza chake, kwamba bakuli lile limesafiri kuliko yeye na lipewe pasipoti.

Mwisho nikamwambia Verna, "Dada, tupumzike. Tutanenepa."

Akasema, "Siwezi. Mama yangu alisema chombo cha mtu kikirudi kitupu, unamwambia hutaki kumuona tena."

Nikaacha kukunja shuka. Nikamwambia, "Na mama yangu kasema hivyo hivyo."

Ndipo akaniuliza kuhusu Nasri. Nikamueleza kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Nilipofika kwenye neno panga nilionyesha kwa mkono, kwa sababu sikulijua jina lake. Verna akalitaja jina, polepole, kama mtu anayelijua vizuri. Halafu akasema, "Mwanangu walimpiga risasi. Alikuwa anatoka kwa kinyozi. Shingoni bado ana poda."

Poda ile mama, hainitoki kichwani. Kila mtu ana kitu chake kidogo. Mimi nina viatu vya Nasri, vile alivyovikanyaga visigino mpaka vikawa kama makubadhi, nawe ukimwambia viatu vimeumbwa na nyuma pia.

Verna akanialika kanisani kwao. Nikasita. Akacheka, "Njoo chini, kwenye jiko na ukumbi. Huko juu kwa Mungu wetu hatukulazimishi." Nikamuuliza Baba Rahma, akasema nenda, kama wanapika vizuri niletee. Basi Jumamosi moja mchana nikaenda. Ni kanisa dogo la matofali, kutoka kwangu naenda kwa miguu. Huko chini hukutana kina mama waliofiwa kwa namna hiyo. Karibu wote ni wa visiwa, wa kisiwa cha Verna na vya jirani zake. Wanakaa duara, wanakunywa chai ya tangawizi inayowasha kuliko yetu.

Yupo na mama mmoja wa hapa hapa, Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu, Bibi Lorraine. Yeye ndiye anayepanga viti. Alisoma Kiswahili chuoni zamani na hajapata mtu wa kuzungumza naye, kwa hiyo aliponiona alisimama wima kama anataka kuimba wimbo wa taifa. "Hujambo, Bibi Zuhura? Je, wewe ni mzima wa afya? Mimi ninafurahi sana kwa kuwa umewasili." Mama, Kiswahili chake kimepigwa pasi, kila neno na mkunjo wake. Nikamjibu, "Mie mzima, sijui wewe," naye akatoa kitabu kidogo mkobani akaandika "mie". Nimempenda sana.

Bibi Lorraine amekuwa akisoma na kuuliza mambo haya tangu mtoto wa dada yake auawe hapa mjini, lakini anasema visiwani ni namna yake. Akanifafanulia kwa Kiswahili chake cha pasi, na akikwama Verna anamalizia kwa Kiingereza. Nilivyoelewa mimi ni hivi. Visiwani mwao boti za magendo zinapita usiku kwenda nchi kubwa, na zinapopita zinaacha makombo: bunduki na ule unga wa kulevya. Vijana wasio na kazi wanaokota makombo. Kikundi kilichoanza na mpira na soga za barza kinakuwa na kitu cha kulinda. Nikasema kwetu bunduki hakuna, lakini unga upo, na panga lipo kila nyumba. Akaniambia, "Silaha ni mlango tu, Bibi Zuhura. Nyumba ni ile ile."

Halafu akaniuliza, "Yule aliyemuua ndugu yako alikimbilia wapi?"

Nikamwambia hakukimbia. Alikamatwa nyumbani kwao, anakula.

Wale mama wote wakaitikia kwa vichwa. Bibi Lorraine akasema, "Mji huu, kijana akiua anakwenda jimbo lingine. Mama wa marehemu anaweza kufa bila kumuona mama wa muuaji. Kwenu ukikimbia mwisho unakanyaga maji."

Verna akasema, "Ndiyo hivyo. Kwetu nimekutana na baba wa kijana yule kwa daktari wa meno. Viti viwili tu, mimi na yeye, na jino linaniuma."

Watu wakacheka, mama. Nikashangaa kwamba wanacheka, kisha nikajikuta nacheka nami. Ndiyo siri ya kushindwa kwa kesi, wakasema. Shahidi akitoa ushahidi asubuhi, jioni anakutana na mama wa mshitakiwa dukani, na polisi mwenyewe ni binamu wa mmoja wao. Kwa hiyo watu wananyamaza. Wanyonge hawasemi, wenye nguvu hawasemi, na kesi inakauka. Vijana wanaona, wanasema basi mahakama ni sisi. Mmoja anakufa mtaa wa juu, mmoja anakufa bondeni. Na kwa kuwa kisiwa ni kidogo, kila anayekufa anajulikana na wote, aliwahi kubebwa mgongoni na mtu, aliwahi kumchotea mtu maji. Kwa hiyo hasira nayo inakuwa ya wote.

Nikawauliza swali langu lingine, nani alianza. Kila mama akanijibu kwa zamu, na nilipokuwa nawasikiliza niligundua kitu. Kila mmoja anaianza hadithi pale alipokufa wake. Nami ningeanzia pale pale. Nikawaza, Bi Tatu, mama wa aliyemuua Nasri, angeanzia wapi?

Hapo ndipo nilipokumbuka mkono wa Ali. Mwaka ule kabla ya msiba, Ali wa Bi Tatu alikatwa mkono na vijana wa mtaa wetu. Ulikatwa mshipa, vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Walikuwa rafiki zake Nasri waliofanya. Sijui kama Nasri alikuwepo. Nataka kujua na sitaki kujua. Ninachokumbuka ni wewe, mama. Ulipika uji wa pilipili manga, ukaufunika, ukavuka kichochoro ukaupeleka kwa Bi Tatu. Uliniambia kwenye simu siku ile kama jambo la kawaida, katikati ya khabari za bei ya nazi. Bi Tatu akalia mikononi mwako. Na baada ya hapo mtaa ulitulia muda mrefu, sivyo? Mimi huku sikuuliza kwa nini umetulia.

Sasa nikuambie nilichokiona jikoni.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mapema kusaidia. Jikoni alikuwepo Verna na mama mwingine mwembamba, Claudette, mkimya, hutengeneza mikate ya kuuzwa kwa ajili ya kanisa. Hawa wawili wanafanya kazi pamoja bila maneno, mmoja anakanda, mwingine anakata. Nilidhani ni mtu na dada yake. Simu ya Claudette ikalia. Akaiweka sikioni kwa bega, mikono ina unga. Akasikiliza. Akasema, "Wangapi?" Akasikiliza. "Wako wapi sasa?" Kisha akamgeukia Verna bila ya kukata simu, akamwambia, "Mpigie Junior. Asipite bandarini leo."

Verna akauacha unga. Akafuta mikono kwenye kanga niliyompa, mama, ile ya njano, akapiga. "Junior? Uko wapi? Nenda kwa bibi yako sasa hivi. Nimesema sasa hivi. Usiniletee mambo ya kiume, mimi ndiye niliyekufuta mavi. Mwambie bibi nimesema akupikie, na ukae mpaka nipige tena." Akakata. Akarudi kwenye unga. Claudette akalivuta kwake lile donge gumu, akamsogezea Verna lile lililokwisha kulainika.

Siku ile hakuna aliyekufa bandarini kule kisiwani kwao. Baada ya muda simu ililia tena, Claudette akasikiliza, akasema, "Wametawanyika," na Verna akaanza kuimba, akakosea maneno, akapiga mluzi.

Tulipokuwa tunarudi kwa basi nikamuuliza, "Claudette ni nani wako?"

Verna akaangalia nje. Akasema, "Mwanawe ndiye aliyemuua wangu."

Nilidhani Kiingereza changu kimeniangusha. Akarudia. Akaniambia kwamba baada ya mazishi, watoto wa kaka yake walimuua mtoto wa dada yake Claudette. Hapo yeye na Claudette kila mmoja akaikimbia nchi, bila ya mwenzake kujua. "Dunia yote hii ya kujificha, dada, na watu wa kisiwa chetu hapa mjini wana kanisa moja tu. Nimeingia Jumapili ya kwanza, natundika koti, ninayegongana naye ni Claudette." Miaka walikaa, yeye benchi la nyuma, Claudette la mbele, hawasalimiani. Mpaka siku moja katikati ya wimbo Claudette aliinuka mbele ya watu wote, akaja nyuma, akainama akamwambia, "Mpigie mwanao. Atoke nyumbani, wanakwenda." Hayo ndiyo maneno ya kwanza. Vijana wa upande wa Claudette walikuwa wamepanga kummaliza Junior, na mmoja wao akaropoka kwa shangazi yake kwenye simu, khabari ikamfikia Claudette kanisani. Junior alitoka kwa mlango wa uani. Wamefika, kitanda kitupu.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo ulimsamehe?"

Verna akanikatia jicho. "Nani kakwambia nimesamehe? Kusamehe ni kazi ya Mungu, analipwa kwa hiyo. Mimi nafanya kazi ya simu." Halafu akasema lile ambalo ndilo jibu lenyewe nililokuwa nalitafuta. Kwamba msiba ukitokea, majumba mawili yanaacha kusemezana. Kina mama wanafunga milango. Tangu siku hiyo khabari zinabebwa na vijana peke yao, na kijana akibeba khabari anaiongeza chumvi. Wakati kina mama wakisemezana, kila kijana alikuwa na mama mmoja kila upande wa kichochoro wa kumwambia usipite huko. Wakiacha, hana hata mmoja.

Nilishuka kituo kisicho changu, mama, kwa mawazo. Nikatembea kwenye theluji.

Sasa nafika penyewe, na hapa usiseme mtandao mbaya.

Ndugu yangu Khamis alinipigia mwezi uliopita. Nilimuuliza kala nini, kajibu vizuri, tukacheka kuhusu paka. Kabla ya kukata akaniambia, "Dada, usiwe na wasiwasi. Nasri hatolala peke yake." Akakata. Rahma alikuwa kando yangu anapaka siagi mkate. Aliyaelewa yote. Akaniuliza kwa Kiingereza, mjomba Khamis anamkusudia nani?  Yeye mwenyewe akafikiri, akasema, "Ali yuko ndani. Amebaki ndugu yake, Seif." Kisha akasema, "Lakini Seif ndiye aliyetutengenezea feni."

Unakumbuka mama, tulipokuja likizo? Joto lile, na feni imekufa, na Seif kavuka kichochoro na bisibisi yake mdomoni, hakutaka hata soda. Seif hakumshikia mtu yeyote panga. Kosa lake ni mlango aliozaliwa. Nami nimempoteza ndugu mmoja, sitaki kumpoteza wa pili, na sitaki Khamis wangu awe yule ambaye Bi Tatu ataianzia hadithi yake.

Nimemwambia Khamis maneno yote ninayoyajua. Ananisikiliza kwa adabu kama anavyosikiliza redio. Mimi niko mbali, mama. Wewe uko kwenye kichochoro.

Dada Mwanaidi kaniambia juu ya kabati lako kuna kitu kimefungwa kwa gazeti, na mtu akikigusa unakasirika. Nikamwambia nakijua. Ni ile sahani ya Bi Tatu ya maua ya zambarau, iliyomeguka ukingoni, yenye nukta ya rangi ya kucha chini ili isipotee kwenye mashughuli. Alikuletea muhogo wa nazi siku za mwisho za kufuturu, na kabla hujaijaza kuirudisha, Idi ikaja, na baada ya Idi ukaja msiba. Hukuivunja. Hukumpa mtu. Hukuirudisha tupu pia, na ungeweza. Ungemtuma mtoto yeyote akaiweka kizingitini, na mtaa mzima ungefahamu. Umeiweka. Nimekaa huku nikijiuliza kwa nini umeiweka, na nadhani unajua kuliko mimi.

Ramadhani inakuja. Sahani zitaanza kupita tena kichochoroni, kila mlango, isipokuwa milango miwili inayotazamana. Nakuomba uwe wa kwanza.

Sikuombi umsamehe mtu. Kesi iendelee, Ali ajibu alichokifanya, nami kama wakihitaji neno langu nitalisema mbele ya hakimu na mbele ya Bi Tatu. Mwambie tu, ukiwa mlangoni, kwamba wewe ukisikia kitu kwa Khamis utamwambia, naye akisikia kitu kwa vijana wa upande wake akwambie. Basi. Hata usikae. Kama goti litakuuma, shika ukuta. Kama atafunga mlango, amefunga yeye, na utarudi kesho. Lakini hatofunga, mama. Mwanaidi anasema Bi Tatu siku hizi anakwenda sokoni kwa njia ya mbali ili asipite mbele ya dirisha lako, na kila akirudi anasimama pembeni ya nyumba yake kwa muda, na kikapu mkononi, akitazama kwetu. Mtu hatazami hivyo mlango asiotaka ufunguliwe.

Nisalimie Dada Mwanaidi aliyenificha machache na kunieleza mengi. Nisalimie mjomba Haji muuza vitambaa, mwambie koti alilonipa linanitosha hata kwenye theluji hii, ingawa Rahma anasema linanukia duka. Nisalimie shangazi Mwana mwenye cherehani, na maalim wetu wa chuo, ambaye nasikia bado anauliza kama nimesahau Yasini. Sijasahau, naisoma kila Alkhamisi na thawabu zake namfikishia aliyelala. Khamis msalimie kwa kumkumbatia, atake asitake, umshike muda mrefu. Verna anakusalimu pia. Anasema hakujui lakini anaijua mikono yako, kwa sababu ya mkate wa kumimina.

Kilichobaki ni cha kutia kwenye sahani. Tia kaimati. Najua mikono inauma kuupiga unga wake, Mwanaidi atakusaidia. Unakumbuka Nasri alivyokuwa mdogo, yeye ndiye aliyekuwa akiipeleka sahani kwa Bi Tatu, ulimi nje, dole gumba ndani ya shira. Kila siku ilifika imepungua moja. Mpaka ukachoka kumpiga, ukawa unaongeza moja juu kabisa, unamwambia hii ya mchukuzi, nyingine usiguse. Na Bi Tatu akipokea mlangoni humuuliza, "Mchukuzi, ushalipwa?" naye anaitikia kwa kichwa, mdomo umejaa.

Iongeze na safari hii, mama. Ipeleke mwenyewe, usimtume mtu, na ile moja ya juu usiile njiani wala usimpe mtu. Fika nayo. Bi Tatu akifunua kawa ataiona, na hutahitaji kumwambia ni ya nani.

Mwanao akupendaye, anayekushika mkono kuvuka kichochoro,

Zuhura